Lugha Tuliyoikataza Kuhesabu

Mimi si mtu wa kushtuka ovyo. Nimekulia kijijini Nakalale, asubuhi naona nyayo za fisi mlangoni na naendelea kukamua mbuzi. Siku hizi natengeneza kompyuta za ofisi moja hapa Lodwar, na kila Jumatatu kuna bosi ananiita mbio kwamba mashine yake imekufa, nikifika nakuta waya umechomoka, na bado sijamrushia kitu. Lakini Jumamosi ile ya Kakuma ilinikata miguu. Ingekuwa nimefanyiwa na mtu, ningepiga kelele nikapoa. Lakini hiki nilikitengeneza mwenyewe, nikakisifu mwenyewe, na nikamfokea aliyethubutu kukitilia shaka.

Nianze na mwalimu. Ni Mkongo, mkimbizi, ameishi kambini Kakuma miaka mingi na anafundisha hesabu shule ya sekondari. Tulikutana siku nilipoitwa kutengeneza kompyuta za darasa lake. Alinikuta nimepiga magoti chini ya meza, jasho linanitiririka, naitukana kompyuta kwa Kiturkana. Akainama, akaniambia kwa ile sauti yake ya upole, "Dada, unaitukana bure. Ile haisikiake." Nikamwambia anyamaze au ashike tochi. Akashika tochi. Tangu siku hiyo ananiita dada, na mke wake na mimi tunaitana wifi, bila hata kukalia kikao.

Mwalimu alikuwa na ndoto moja ya ajabu. Alitaka kutunga lugha ya programu, yaani yale maneno ambayo mtu huandika ili kompyuta imtii. Nilicheka hadi mbavu zikauma. Lugha hizo zimejaa duniani. "Kwani hizi zilizopo zimekukosea nini?" nikamuuliza. Hakukasirika, kwanza hajui kukasirika, na hilo ndilo linalonikasirisha mimi. Aliuliza tu, "Kama baba yako angeitunga yeye, ingekuwa namna gani?"

Nikajibu bila kufikiri, "Isingehesabu."

Baba yangu hahesabu mifugo. Jioni anasimama kwenye mlango wa boma na kijiti cha mswaki mdomoni, mbuzi wanaingia, yeye anatazama tu. Wakiisha kuingia anasema, yule wa kahawia mwenye tumbo jeupe hajaja. Na kweli hajaja. Kwetu kutaja idadi ya mifugo ya mtu ni kuwaitia balaa. Nilipokuwa darasa la kwanza nilirudi nyumbani na hesabu yangu mpya kichwani, nikaanza kuwanyooshea mbuzi kidole, mmoja, wawili, watatu. Kofi alilonipiga mama, wee! Na mbuzi akifa, au akitolewa mahari, baba hatangazi. Anaacha tu kumtafuta kwa macho, basi, huyo ametoka.

Mwalimu alisimama pale pale. "Dada, hiyo ni lugha! Hiyo ni lugha kabisa!"

Ndivyo wazimu ulivyoanza.

Hatukuwa wajinga wa kujenga kila kitu kuanzia mchangani. Tulichukua mashine pepe iliyokuwepo tayari, ya bure, kazi ya watu wa mbali ambao hatutawahi kuwaona. Mashine pepe haishikiki. Ni programu inayojifanya kompyuta ndani ya kompyuta, na ukiipa maagizo yake madogo madogo itayatekeleza kwenye laptopu nzuri au kwenye simu ya bei rahisi, haichagui. Kazi yetu ilikuwa kugeuza maneno yetu yawe maagizo yake. Mwalimu aliandika kanuni za lugha kwa kalamu kwenye madaftari ya shule, akizipiga picha na kunitumia. Mimi huku Lodwar nazigeuza kuwa programu, feni inanipulizia joto usoni, halafu tunarushiana ujumbe wa sauti tukigombana. Yaani mimi nagombana, yeye anaeleza.

Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya kuhesabu. Mwalimu wa hesabu, jamani, ungemwelewa. Alitaka iwepo amri moja tu ya kuuliza kundi lina wangapi. "Hata ikuwe ya kujificha, dada. Mtu asiione." Nikamwambia ng'o. Nikamwambia akiiweka hiyo mimi natoka, abaki na madaftari yake. Nilijiona natetea jambo kubwa, heshima ya baba na ya Nakalale nzima. Baada ya siku tatu akakubali. Tukalitupa pia neno la kufuta. Lugha gani duniani haina neno la kufuta? Yetu! Nilikuwa nalitaja hilo kwa watu kama mtu anayetaja mtoto wake aliyeenda chuo kikuu.

Basi ilikuwa hivi. Unakuwa na kundi. Ukitaka mmoja wao unamwita kwa sura yake, rangi, pembe, alama. Aliyeitwa leo anashikwa vizuri, na asiyeitwa anabaki ameshikwa kwa ulegevu tu. Jioni unauliza swali moja, nani hayupo, na lugha inakutajia wale ambao hawakuitwa. Asiyeitwa kwa muda mrefu atatoka mwenyewe kimyakimya, kama kwa baba. Na kazi ya kumtoa hatukuifanya sisi. Ile mashine pepe ina mfagiaji wake. Kitu ambacho hakuna anayekishika sawasawa, mfagiaji hukiondoa ili memori ipate nafasi. Kwenye laptopu yangu alikuwa anapita baada ya siku nyingi, nikadhani ndiyo desturi yake. Nilifurahi kama aliyeokota pesa. Nikasema, si huyo hapo, mfanyakazi wa bure!

Tuliijaribu kwa mbuzi wa baba, niliowakumbuka kwa kichwa, tukiwa tumekaa nyumbani kwa mwalimu mchana, bati linapasuka kwa jua. Tukawaita mmoja mmoja, tukamruka makusudi yule wa kahawia. Nani hayupo? Simu tuliyoiwekea programu ikamtaja. Mwalimu akapiga makofi. Wifi alikuwa anapepeta mchele pembeni, akasimamisha ungo.

"Hiyo mnayofanya na mbuzi," akasema, "ndiyo kazi yangu ya kila siku."

Wifi ni mhudumu wa afya wa kujitolea. Analo kundi la wagonjwa wa kifua kikuu. Kila asubuhi wanamfuata kwenye kivuli cha mabati alichopewa, kila mtu anameza vidonge vyake yeye akiona kwa macho. Miezi sita, kila siku. Asiyekuja, wifi anamfuata kwake kesho yake, lazima, kwa sababu dawa hizo ukizikata ugonjwa unarudi na hasira, na pengine hausikii dawa tena. Alikuwa na daftari limechakaa, na majina ya Wasomali, Wanuer, Warundi, Wakongo, kila jina limeandikwa kwa namna tatu. Kuwaita watu kwa sura? Ilimfaa mno. Aliwajua wote kwa sura.

Mmoja wao alikuwa mama wa maharagwe. Mama huyo, Mrundi, alikuwa na kibanda cha chakula mkabala na shule ya mwalimu, na kila nikija Kakuma ndiye anayenilisha. Ugonjwa ulikuwa umemla nusu ya mwili, lakini mdomo haukuupata. "Wewe mrefu hivi unakula kidogo hivyo," alikuwa ananiambia, "chakula hakifiki miguuni." Hakuficha hali yake kwa mtu. Alishameza dawa miezi minne, amebakiza miwili, na daktari alimwambia waziwazi kwamba mapafu yake hayatavumilia kuanza upya. Alikuwa anaitaja hiyo miezi miwili jinsi watu wengine wanavyoitaja harusi ya mtoto. Nikimaliza miezi yangu miwili nitapaka kibanda rangi. Nikimaliza miezi yangu miwili nitakula nyama choma hadi niugue kitu kingine.

Mimi mwenyewe ndiye niliyemwingiza kwenye simu ya wifi. Nilimwandika hivi: kitenge cha njano, kovu shavu la kushoto, anacheka kabla ya kusalimu. Nikamsomea. Akauliza, "Kwa hiyo sasa niko kwenye kundi la mbuzi?"

"La baba yangu, ndiyo."

"Basi mwambie baba yako nisichinjwe wageni wakija."

Wiki ya pili lugha yetu ikafanya muujiza. Wifi aliuliza nani hayupo, simu ikamtaja kijana mmoja wa Sudan Kusini, mrefu, jino la mbele halipo. Kesho yake wifi akamfuata, akamkuta anachanganya saruji kwenye ujenzi kule Kalobeyei, amejiona mzima akaamua dawa zinatosha. Akamkokota kwa maneno hadi kivulini, akameza. Mwalimu alinipigia simu akiwa karibu kulia. Mimi kichwa kilivimba, nakuambia, hakikupita mlangoni. Ofisini Lodwar kila mtu alisikia, hadi mlinzi wa geti alijua mashine pepe ni nini. Na wifi akalifunga lile daftari lake, akaliweka sandukuni chini ya nguo.

Halafu mhudumu mwenzake akaenda kujifungua, na wagonjwa wake wote wakaja kwa wifi. Kundi likawa kubwa ghafla. Akawaingiza mwenyewe kwenye simu, jioni mbili, hakuhitaji hata kuniuliza, na hilo nalo nililihesabu kuwa sifa yangu. Shule zilikuwa zimefungwa, mwalimu hapiti tena upande wa shule. Mimi nilikuwa nimebanwa Lodwar, ofisi inahama kutoka jengo moja kwenda jingine, kompyuta zinabebwa kwenye mkokoteni. Kila jioni wifi ananitumia ujumbe wa sauti, yuko hoi, sauti imemkauka: "Wifi, leo hakuna asiyekuwepo. Mungu ni mwema." Siku ya kwanza nilishangilia. Siku ya tano nilishangilia. Siku ya kumi nilikuwa nimeanza kuandika hotuba ya kuwaeleza vijana wa kompyuta wa Lodwar jinsi sisi tulivyofanya.

Mwalimu ndiye aliyeshuku. Alinipigia mchana mmoja.

"Dada, siku kumi na mbili hakuna hata mmoja amekosa? Watu hawa? Na jua hili?"

"Wewe hutaki kufurahi," nikamwambia. "Watu wakifanya vizuri unatafuta kasoro."

"Sitafuti kasoro. Nasema tu tungekuwa na hesabu, tungeangalia..."

"Umeanza!" Nikamkatia simu. Nilimkatia simu, haki ya Mungu. Ningetoa kidole changu kimoja leo ili siku ile iwe nilimsikiliza.

Jumamosi iliyofuata nilishuka Kakuma saa nne za asubuhi, njaa inaniuma, nikaenda moja kwa moja kwenye maharagwe. Kibanda kimefungwa kwa kamba. Meko yamezolewa hadi majivu. Pembeni kuna Mturkana mwenzangu anayechaji watu simu kwa sola.

"Ejoka," nikamsalimu.

"Ejok."

"Mama wa hapa yuko wapi?"

"Huyo anaumwa. Wiki mbili hivi hajafungua."

Unajua nilifikiri nini? Hakuna baya. Nilifikiri, pole zake, wifi atakuwa anampelekea dawa nyumbani, nipite nimuulize. Nikatembea taratibu kabisa. Hata soda nikanunua njiani nikanywa nimesimama. Hiyo soda hainitoki akilini.

Wifi alikuwa anamaliza na wagonjwa, amekaa kwenye kiti cha plastiki, kopo la vidonge mapajani. Tukasalimiana, tukakumbatiana. Nikamuuliza, "Mama wa maharagwe anaendeleaje? Unampelekea wewe au anatuma mtu?"

Wifi akafungua mdomo kunijibu. Halafu mkono wake ukasimama juu ya kopo. Nilimwona akitafuta kichwani, asubuhi ya leo, asubuhi ya jana, nyuso zote zile za watu wawili wawili na watatu watatu waliompitia, na nikaona uso wake unabadilika.

"Lakini simu..." akasema. Akaichukua, akauliza mbele yangu. Nani hayupo? Simu ikajibu: hakuna.

Nikamnyang'anya. Nikamwita mwenyewe, kwa maneno yangu mwenyewe niliyoyaandika. Kitenge cha njano, kovu shavu la kushoto, anacheka kabla ya kusalimu.

Simu ikajibu: simjui.

Loo! Simjui! Neno hilo nililitunga mimi. Lugha nyingine ukikosea zinakutupia maneno makali, mimi nikasema yetu iwe na adabu, iseme simjui. Tulicheka siku tulipoliandika. Sasa lilikuwa linanitazama kutoka kwenye kioo kilichopasuka. Wifi alikuwa ananiuliza, "Ina maana gani? Wifi, ina maana gani hiyo?" na mimi nimeelewa yote kwa mara moja.

Laptopu yangu ina memori kubwa, kwa hiyo mfagiaji wa mashine pepe hana haraka, anaweza kulala siku kadhaa kabla ya kupita. Simu ya wifi ni kisimu. Kundi lilipokuwa dogo, nafasi ilitosha, na swali la jioni liliulizwa kabla mfagiaji hajaamka. Walipoongezeka wale wa mhudumu mwenzake, memori ikajaa kila siku, mfagiaji akawa anapita mapema. Na yeye anafagia nani? Anafagia yule ambaye hajashikwa sawasawa. Yule ambaye hakuitwa leo. Yaani yule yule ambaye hayupo! Ikifika saa ya kuuliza nani hayupo, asiyekuwepo ameshafagiliwa, na waliobaki wote wapo. Programu inawaandika hao waliobaki kwenye faili, kesho inaanza nao. Siku ya kwanza tu mama yule alipokosa kuja, alitoka kwenye kundi, na kuanzia hapo hakuwa mgonjwa wa mtu yeyote. Kama pangekuwa na idadi, ingepungua kwa mmoja, na wifi, hata na uchovu wake wote, angeiona.

Wifi hakusubiri nieleze. Alikimbia nyumbani, akapindua sanduku, akatoka na daftari lake na lile aliloachiwa na mhudumu mwenzake. Akayapitia jina kwa jina, akilinganisha na waliomeza asubuhi ile. Wote walikuwepo. Alikosekana yeye tu. Mwalimu alitoka ndani na kandambili mkononi akanitazama. Nilitamani anitukane.

Tulipanda boda boda moja, mimi na wifi, tukavuka laga, ule mto mkavu, hadi mwisho kabisa wa kambi. Wifi alikuwa anasali kwa sauti mgongoni kwangu. Mimi nilikuwa namfokea dereva aongeze mwendo, na akiongeza namfokea atatuua.

Alikuwa hai. Wacha niseme hivyo kwanza, kwa sababu njia nzima nilikuwa nimeshamzika. Alikuwa amelala kwenye mkeka, macho yamekuwa manjano, midomo imekauka, kile kitenge kimemzunguka mara mbili. Jirani mmoja, mama Mkongo, alikuwa anampa uji. Alipotuona alijaribu kuamka.

"Karibuni," akasema. "Hamkunikuta vizuri."

Wifi alipiga magoti akaanza kulia. Mimi nilisimama mlangoni, mikono haijui iende wapi. Mama yule akamshika wifi bega na kumwambia basi, basi, nyamaza mama, mimi nipo. Yeye ndiye alikuwa anambembeleza!

Hospitalini daktari alimpima, akatuita pembeni. Alikuwa kijana, ana hasira ya haki, na kwa mara ya kwanza maishani nilifokewa nikanyamaza. Alisema dawa zilikuwa zimemdhuru ini, ndiyo maana alianza kutapika na miguu ikakataa kutembea. Ni jambo linalotokea, linajulikana, na lina njia yake. Mtu angefika kwake siku ya pili, mama angeletwa, dawa zingebadilishwa, angeendelea na miezi yake. Sasa amekaa karibu wiki mbili bila kidonge na bila matibabu ya ini. "Mtaanza upya, siku ya kwanza," akasema. "Ini likipoa. Na kama ugonjwa bado unasikia dawa. Mapafu yake mnayajua." Tulikuwa tunayajua.

Nililala kwa mwalimu. Asubuhi ya Jumapili, watu wanakwenda kanisani, niliwaambia nataka kwenda kumweleza mama yule ukweli. Wifi alisema nimwache apumzike. Mwalimu alisema, "Dada, mashine pepe, mfagiaji, memori, hayo atayafanyia nini mgonjwa? Atapona kwa hayo?" Nikawaambia siwezi kumtazama mtu usoni nikiwa nimemficha jambo. Nilisema hivyo, na niliamini. Sasa naona nilitaka tu kuutua mzigo, na nikaenda kuutua juu ya mgonjwa.

Nilimkuta ameinuliwa kwenye mto, dripu mkononi. Wifi alikuwa naye, akatoka kwenda kumtafutia maji ya moto. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikamweleza polepole, bila maneno ya kompyuta. Nikamwambia si kosa la mhudumu, ni kosa langu. Ile simu niliyomwandika ndani yake nilikuwa nimeitengeneza vibaya. Siku alipokosa kuja, ilimsahau, na kwa sababu ilimsahau haikumwambia mhudumu amfuate. Nikamwambia tumeshaitoa, mhudumu amerudi kwenye daftari. Nikamwomba msamaha. Alinisikiliza hadi mwisho, kope hazipepesi. Nilisubiri anifokee. Nilikuwa nahitaji anifokee.

"Kwa hiyo siku zile zote," akasema, "hakuna aliyeuliza niko wapi?"

"Hakuna, mama."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Akageuza uso, akatazama dirishani. Nilikuwa sijawahi kumwona mama yule bila kicheko mahali fulani usoni.

"Mimi nilijua mhudumu amenikasirikia," akasema. "Yeye siku ya pili huja. Hakuja, nikajua nimemkosea. Nikawa nalala pale natafuta ni nini. Nikatafuta, nikatafuta, hadi nikakumbuka siku moja nilimpa maharagwe ya jana nikamwambia ni ya leo. Nikasema ni hilo. Nikasema akija tu, kabla hajakaa, nitamwomba msamaha."